Geta: Mtawala wa Roma aliyekwanguliwa usoni mwa sarafu

IPO sarafu ya shaba, nzito na yenye upana wa takriban milimita 35, iliyopigwa chapa zaidi ya miaka 1,800 iliyopita katika mji wa Stratonikeia, kusini magharibi mwa nchi ambayo leo ni Uturuki. Upande wake mmoja unaonyesha kichwa cha kijana aliyevikwa taji la majani, macho yake yakielekea katikati ya sarafu kana kwamba anatazamana na mtu. Lakini mtu huyo hayupo. Mahali alipokuwa pana kovu tu, ambapo shaba ilichimbwa kwa tindo hadi pua, macho na kidevu vikatoweka.

Aliyesalia ni Caracalla, mtawala wa Himaya ya Roma. Aliyekwanguliwa ni Geta, ndugu yake wa tumbo moja, aliyekuwa mtawala mwenzake kwa haki sawa hadi siku alipouawa mikononi mwa mama yao.

Sarafu za aina hii ni adimu, na wataalamu wa historia huzithamini kuliko nyingi zilizotengenezwa kwa dhahabu. Thamani yake haitokani na madini bali na jeraha lenyewe. Ni ushahidi unaoshikika mkononi wa jinsi serikali kubwa kupita zote za zama zake ilivyojaribu kumfuta mtu mmoja katika kumbukumbu za wanadamu, na jinsi jaribio hilo lilivyoshindwa.

Mjukuu wa Leptis Magna

Publius Septimius Geta alizaliwa Machi 7, mwaka wa 189, miezi kumi na mmoja tu baada ya kaka yake, ambaye alizaliwa Aprili 4, mwaka wa 188 katika mji wa Lugdunum, unaoitwa Lyon nchini Ufaransa hivi leo. Baba yao, Septimius Severus, wakati huo alikuwa gavana wa Roma katika eneo hilo.

Severus alikuwa mwana wa Afrika. Alizaliwa Leptis Magna, mji wa bandari ulio katika pwani ya Libya ya leo, ambako wenyeji walizungumza Kipuniki, lugha iliyoletwa na mabaharia Wafoinike karne nyingi kabla ya Warumi kufika. Jina Geta lilitoka katika ukoo huo, kwani ndilo lililokuwa jina la babu yake mtoto huyo na pia la ami yake. Mama, Julia Domna, alikuwa binti wa kuhani wa mungu wa jua katika mji wa Emesa, ambao leo ni Homs nchini Syria. Hivyo basi, watoto hao wawili waliotazamiwa kurithi kiti cha Roma walikuwa na damu ya Afrika na ya Mashariki ya Kati.

Hakuna aliyetarajia urithi huo walipozaliwa. Mambo yaligeuka mwaka wa 193, pale walinzi wa ikulu ya Roma walipomuua mtawala Pertinax na kisha kukinadi kiti chake kama bidhaa mnadani, kikaangukia tajiri Didius Julianus. Severus, ambaye wakati huo alikuwa akiongoza majeshi katika mpaka wa mto Danube, alitangazwa na askari wake kuwa mtawala, akaingia Roma na majeshi yake mwaka uo huo. Mwaka wa 194 alimshinda mpinzani wake Pescennius Niger huko mashariki, na mnamo Februari 197 akamshinda Clodius Albinus katika vita vikali karibu na Lugdunum, mji uleule alikozaliwa mwanawe wa kwanza.

Akiwa na hofu kuwa watu wangemdharau kwa kukosa nasaba ya kifalme, Severus alijitangaza kuwa mwana wa kupanga wa Marcus Aurelius, mtawala aliyeheshimika sana ambaye alikuwa amefariki mwaka wa 180. Alimbadilisha mwanawe mkubwa jina, akamwita Marcus Aurelius Antoninus. Jina Caracalla, ambalo historia imemzoea kwalo, lilikuwa la utani tu, likitokana na joho lenye kofia la watu wa Gaul ambalo alipenda kulivaa.

Geta hakubadilishwa jina. Alibaki na lile la babu yake wa Libya. Huenda hilo likaonekana jambo dogo, lakini lilikuwa dalili ya mapema kwamba mmoja wa watoto hao alikuwa ameandaliwa kiti na mwingine alikuwa ameandaliwa mkeka.

Pengo la miaka kumi na mmoja

Mwaka wa 198, baada ya majeshi ya Roma kuuteka mji wa Ctesiphon uliokuwa makao ya wafalme wa Parthia, Severus alimpandisha Caracalla hadi cheo cha Augusto, yaani mtawala kamili. Mtoto huyo hakuwa ametimiza hata miaka 10. Wakati huohuo, Geta, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alipewa cheo cha Kaisari, ambacho kilikuwa cha mrithi asiye na mamlaka ya kuamua.

Geta alikaa katika cheo hicho hadi mwaka wa 209. Ndugu waliopishana kwa miezi kumi na mmoja tu kwa umri wakapishana kwa miaka kumi na mmoja kwa madaraka. Katika kila sherehe, kila maandishi na kila sarafu, jina la Geta lilitajwa baada ya jina la kaka yake na likifuatiwa na cheo cha chini.

Wanahistoria wawili wa zama hizo, Cassius Dio, ambaye alikuwa mjumbe wa Baraza la Seneti na aliyeyaona mengi kwa macho yake, na Herodian, aliyeandika baadaye katika karne hiyohiyo, wanakubaliana kuwa chuki baina ya vijana hao ilianza utotoni. Walishindana katika kila mchezo. Mmoja akichagua upande huu, mwingine alichagua upande wa pili bila kujali upi ulikuwa bora. Dio anasimulia kwamba siku moja walipokuwa wakishindana kuendesha magari ya farasi wadogo, walisukumana kwa ukali hata Caracalla akaanguka kutoka garini na kuvunjika mguu.

Nyumba yao haikuwa na uhaba wa mifano mibaya. Mwaka wa 202, Caracalla aliozwa Plautilla, binti wa Plautianus, mkuu wa walinzi wa ikulu ambaye pia alikuwa mtu wa Leptis Magna na mwandani wa Severus. Kijana huyo hakumpenda mkewe wala mkwewe. Mnamo Januari 205 Plautianus alituhumiwa kupanga njama ya kuipindua serikali na akauawa ndani ya ikulu. Plautilla alihamishiwa kisiwa cha Lipari na baadaye akauawa baada ya mumewe kushika hatamu za uongozi. Uso wake nao ulikuja kukwanguliwa katika sarafu za Stratonikeia.

Sarafu zilizohubiri mapatano

Ili kuelewa ni kwa nini uso wa mtu ndani ya sarafu ulikuwa jambo zito kiasi hicho, ni muhimu kukumbuka kuwa Roma haikuwa na magazeti, redio wala picha za kubandika kutani. Raia wa kawaida aliyeishi Syria au Misri hakuwahi kumwona mtawala wake maisha yake yote. Alichokiona ni sanamu katika uwanja wa mji, na alichokishika kila siku ni sarafu.

Serikali kuu ilidhibiti fedha za dhahabu na nyingi kati ya zile za fedha. Lakini katika majimbo ya mashariki, miji mingi ilikuwa na idhini ya kupiga chapa sarafu zake za shaba kwa matumizi ya soko lake. Maandishi yake yalikuwa ya Kigiriki, lugha ya eneo hilo, na upande wa nyuma mji ulionyesha fahari zake: hekalu, mungu wake, mto wake, au jina la afisa aliyesimamia utengenezaji. Upande wa mbele ulitengewa familia ya mtawala.

Kwa miji hiyo, kuwaonyesha ndugu wawili wakitazamana ilikuwa njia ya kutangaza utii kwa wote wawili. Stratonikeia ilifanya hivyo. Pergamon, mji mwingine mashuhuri ambao leo ni Bergama nchini Uturuki, ulifanya hivyo pia. Hakuna mji uliotaka kuonekana kuwa umeegemea upande mmoja, hasa kwa kuwa haikujulikana nani angebaki mwisho.

Roma yenyewe ilipiga sarafu zilizoonyesha ndugu hao wakishikana mikono, pamoja na maandishi ya kusifu mapatano ya watawala. Katika tao kubwa lililojengwa Leptis Magna kwa heshima ya Severus, wachongaji walimwonyesha baba huyo akishikana mkono na Caracalla, huku Geta akiwa amesimama katikati yao. Kadiri uhasama ulivyozidi ndani ya ikulu, ndivyo mapatano yalivyozidi kuchongwa katika mawe na kupigwa katika shaba.

Safari ya Uingereza

Mwaka wa 208, Severus aliamua kwenda kupigana katika kisiwa cha Uingereza dhidi ya makabila ya kaskazini. Alikuwa mzee anayesumbuliwa na ugonjwa wa jongo, hata akalazimika kubebwa katika machela sehemu kubwa ya safari. Dio na Herodian wote wanasema kuwa sababu mojawapo ya vita hivyo ilikuwa kuwatoa wanawe katika anasa za Roma na kuwafunza maisha ya kambini.

Caracalla alikwenda na baba yake vitani. Geta aliachwa katika sehemu ya kisiwa iliyokuwa chini ya Roma, akisimamia mashauri na utawala wa kila siku kwa msaada wa washauri. Ni wakati wa kampeni hiyo ambapo hatimaye alipewa cheo cha Augusto. Kwa mara ya kwanza, Himaya ya Roma ikawa na watawala watatu kwa pamoja: baba na wanawe wawili.

Dio anadai kuwa siku moja Caracalla, akiwa juu ya farasi nyuma ya baba yake, alichomoa upanga kana kwamba angemchoma mgongoni mbele ya majeshi yote, na kwamba ni kelele za watu waliokuwa karibu zilizomzuia. Mzee huyo hakumwadhibu. Aliyewaua wapinzani wake bila kusita hakuweza kumgusa mwanawe.

Severus alifariki mjini Eboracum, ambao leo ni York, mnamo Februari 4, mwaka wa 211. Inasimuliwa kwamba aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari na wasijali wengine wote. Wosia huo ulikuwa na sehemu tatu. Caracalla alizitimiza mbili za mwisho.

Fahali wawili, zizi moja

Safari ya kurudi Roma wakiwa na majivu ya baba yao ilikuwa ya kutisha. Kwa mujibu wa Herodian, ndugu hao hawakulala katika nyumba moja wala kula meza moja, kila mmoja akiogopa kutiliwa sumu. Walipofika, waliigawa ikulu. Milango ya ndani iliyounganisha pande mbili ilizibwa, na kila mmoja akaweka walinzi wake. Walikutana hadharani tu, na hapo pia kwa muda mfupi.

Seneti iliamuru itolewe sadaka kwa mungu wa kike wa mapatano kwa ajili ya watawala hao. Dio anasimulia kuwa mnyama wa sadaka alitayarishwa na konsuli akaenda kuisimamia, lakini wahudumu wa ibada hawakumpata naye hakuwapata, wakatafutana karibu usiku kucha bila mafanikio. Watu wa Roma waliichukulia hali hiyo kama ishara mbaya.

Herodian anaeleza pia kuwa ulijadiliwa mpango wa kuigawa himaya yenyewe. Caracalla angechukua Ulaya na Geta angechukua Asia, akiweka makao yake Antioch au Alexandria. Washauri walikuwa wameinamisha vichwa kwa huzuni, lakini hawakupinga. Aliyepinga ni Julia Domna. Inasemekana aliwauliza wanawe jinsi ambavyo wangemgawa yeye mama yao baada ya kuigawa nchi na bahari, akawakumbatia wote wawili huku akilia. Mpango huo ukafa.

Inawezekana kabisa kuwa mgawanyo huo ungeyaokoa maisha ya Geta. Machozi ya mama yaliilinda himaya isipasuke, lakini yaliwaacha wanawe ndani ya ikulu moja.

Mauaji ya Desemba

Caracalla alikuwa amekusudia kumuua mdogo wake wakati wa sikukuu ya Saturnalia, katikati ya Desemba 211, lakini nafasi haikupatikana. Geta alikuwa akilindwa na askari na wanamichezo wenye nguvu usiku na mchana, nje na ndani ya nyumba. Ndipo Caracalla alipomwendea mama yao, akamwomba awaite wote wawili chumbani kwake bila walinzi ili wapatanishwe.

Geta aliamini. Inaaminika ilikuwa Desemba 26. Alipoingia tu, maakida wa jeshi waliokuwa wameandaliwa na Caracalla walimvamia. Kijana huyo alikimbilia kwa mama yake, akamng'ang'ania shingoni na kifuani huku akimsihi amwokoe. Aliuawa akiwa amekumbatiwa hivyo. Julia Domna alilowa damu ya mwanawe, na yeye mwenyewe akajeruhiwa mkononi, jeraha ambalo Dio anasema hakulitilia maanani. Geta alikuwa na umri wa miaka 22.

Mama huyo hakuruhusiwa kuomboleza. Alilazimika kuonyesha uso wa furaha kana kwamba ameondokewa na msiba badala ya kufikwa nao, kwani kila neno lake na kila badiliko la uso wake vilichunguzwa.

Caracalla alikimbia moja kwa moja hadi kambi ya walinzi, akitangaza kuwa amenusurika njama ya ndugu yake. Aliwaahidi askari fedha nyingi, na Herodian anataja denari 2,500 kwa kila mmoja. Majeshi yaliyokuwa Alba, karibu na Roma, yalimfungia milango kwa muda yakisema kuwa yalikula kiapo kwa watawala wawili wala si mmoja. Nayo yalitulizwa kwa fedha.

Hukumu ya kufutwa

Kilichofuata kilikuwa msako wa kila aliyemjua Geta. Dio anakadiria kuwa watu wapatao 20,000 waliuawa, wakiwemo watumishi wa ndani, askari, wanamichezo na marafiki. Papinian, mmoja wa wanasheria wakubwa zaidi katika historia ya Roma, aliuawa mwaka wa 212. Cornificia, binti wa Marcus Aurelius ambaye sasa alikuwa mzee, alilazimishwa kujiua kwa kosa la kumlilia Geta.

Baada ya watu, zamu ya vitu ikafika. Sanamu zilivunjwa, na Caracalla akamalizia hasira zake hata kwenye mawe yaliyokuwa yamezibeba. Ilikuwa hatari kulitamka au kuliandika jina la Geta. Dio anaeleza kuwa watunzi wa michezo ya kuchekesha, ambao kwa muda mrefu walikuwa wamezoea kuwapa wahusika watumwa jina hilo, waliacha kulitumia. Mali ya marehemu ambao wosia zao zilikuwa na jina hilo ilitaifishwa.

Amri hiyo ilifika mbali. Kwenye tao la Severus lililojengwa mwaka wa 203 katika uwanja mkuu wa Roma, herufi za shaba za jina la Geta ziling'olewa na nafasi yake ikajazwa maneno ya kuwasifu baba na kaka. Katika hekalu la Esna, kusini mwa Misri, umbo lake lilichongolewa ukutani kando ya wazazi wake na ndugu yake. Wakulima na makarani wa Misri walilipaka wino jina lake katika hati za mafunjo, hata zile za mambo ya kawaida ya watu binafsi.

Kutoka Misri pia kulipatikana picha ya duara iliyochorwa kwa rangi juu ya ubao, ambayo leo imehifadhiwa jijini Berlin, Ujerumani. Inamwonyesha Severus mwenye mvi, Julia Domna aliyevaa lulu, na watoto wao wawili mbele yao. Uso wa mmoja wa watoto hao umefutwa kabisa.

Tindo juu ya shaba

Kufuta maandishi ya jiwe moja ni kazi ya siku moja. Kufuta sarafu ni jambo jingine, kwa kuwa sarafu zilikuwa zimetawanyika katika mikoba, vibweta, mahekalu na masoko ya himaya nzima. Dio anasema kuwa Caracalla aliyeyusha fedha zenye sura ya ndugu yake. Lakini amri hiyo haikuweza kutimizwa kikamilifu, na ndiyo maana sarafu za fedha za Geta zingalipo kwa wingi hadi leo.

Kwa miji ya mashariki, tatizo lilikuwa gumu zaidi. Sarafu za shaba zilizowaonyesha ndugu wawili zilibeba uso wa mtawala halali na uso wa mtu aliyeharamishwa juu ya kipande kimoja cha shaba. Kuziyeyusha kulikuwa na gharama kwa mji, na pia kulimaanisha kuuharibu uso wa Caracalla. Kuziacha zilivyo kulikuwa kuhatarisha maisha.

Stratonikeia iliamua kuzikwangua. Sarafu moja baada ya nyingine iliwekwa juu ya kitu kigumu, na fundi akaing'oa sura ya Geta na mara nyingi hata herufi za jina lake, akiwa mwangalifu asiiguse sura ya Caracalla. Nyingine ziligongwa alama ndogo, mojawapo ikiwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuwa ni ya mungu, na wataalamu wengi huichukulia alama ya aina hiyo kuwa idhini ya kuendelea kutumika sokoni. Katika sarafu za Pergamon pia, sura ya Geta iliondolewa kwa namna hiyohiyo.

Kwa kuwa kazi ilifanywa kwa mkono, hakuna makovu mawili yanayofanana. Katika sarafu nyingine kovu ni laini, dalili ya fundi aliyetulia. Katika nyingine limechimbwa kwa kina, kwa haraka, hata ukingo ukapinda. Kuna uwezekano mkubwa kuwa mafundi hao hawakuwahi kumwona Geta wala kukosana naye. Walichojua ni kwamba jana uso huo ulikuwa wa kuheshimiwa, na leo kuwa nao mfukoni kulitosha kumponza mtu.

Mwisho wa aliyebaki

Caracalla alitawala peke yake kwa zaidi ya miaka mitano. Mwaka wa 212 alitoa amri iliyowapa uraia wa Roma karibu watu wote huru wa himaya, hatua ambayo Dio aliiona kuwa mbinu ya kuongeza walipa kodi lakini ambayo ilibadilisha sheria za ulimwengu ule. Mwaka wa 216 yalifunguliwa mabafu makubwa ya umma jijini Roma ambayo magofu yake yangali yanatembelewa na watalii. Aliwaongezea askari mishahara, na ili kumudu gharama hiyo akaanzisha sarafu mpya iliyokuwa na madini pungufu ya thamani yake iliyotangazwa.

Hata hivyo, jina alilolipiga marufuku halikumwacha. Dio anasema alisumbuliwa na njozi za baba na ndugu yake wakimfukuza na panga. Watu wa Alexandria walipomfanyia dhihaka kuhusu kifo cha Geta, aliwalipizia kisasi mwaka wa 215 kwa mauaji ya kutisha katika mji huo. Akiwa huko aliuweka wakfu katika hekalu la Serapis upanga ambao ulisemekana kuwa ndio uliomuua ndugu yake.

Mnamo Aprili 8, mwaka wa 217, akiwa safarini karibu na Carrhae, kusini mashariki mwa Uturuki ya leo, aliteremka katika farasi kando ya njia ili ajisaidie. Askari aliyeitwa Martialis alimsogelea kana kwamba ana neno la kumwambia, akamchoma kisu. Aliyeipanga njama hiyo, Macrinus, mkuu wa walinzi wake mwenyewe, ndiye aliyekalia kiti. Julia Domna, aliyekuwa Antioch, alifariki mwaka huohuo, mgonjwa na akiwa amekataa chakula. Baadaye dada yake, Julia Maesa, aliihamisha mifupa yake pamoja na ya Geta hadi kwenye makaburi ya watawala jijini Roma. Kwa hiyo, aliyeamriwa asikumbukwe alizikwa upya kwa heshima, kando ya mama aliyekatazwa kumlilia.

Leo, matundu ya misumari kwenye tao la Roma yanawawezesha wasomi kulisoma jina lililong'olewa. Ubao wa Berlin unatazamwa zaidi kwa sababu ya uso usiokuwepo. Nazo sarafu za Stratonikeia, ambazo pengine zingepita kama shaba nyingine yoyote ya kale, huwafanya wazishikao mkononi waulize kwanza habari za yule aliyetolewa, kabla ya kumuuliza aliyeachwa.